Kupanga fremu Izimbya: notisi ni haki ya nani?

Mfanyabiashara wa kahawa au maharage anayepanga fremu Izimbya afahamu kwamba kodi ya pango haidhibitiwi tena na serikali. Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Mwenye nyumba aweza kupandisha kodi msimu ukichangamka, ila mkataba ukimzuia.

Kwanza uliza: kiwanja kina hati miliki, au ni ardhi ya kijiji? Ardhi ya kijiji hufuata Sheria Na. 5 ya 1999 pamoja na mila. Yenye hati hufuata Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo. Humo, msipotaja muda wa pango, notisi hupimwa kwa kipindi cha malipo: anayelipa kila mwezi apewe mwezi usiopungua mmoja. Mpangaji anayehama naye hufungwa na notisi hiyo, jambo ambalo wengi hulisahau.

Pango la zaidi ya mwaka liandikwe. Kilemba nacho kiandikwe, pamoja na gharama za ukarabati. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe.

Mgogoro ukizuka, anzeni Baraza la Kata. Tangu 2021 baraza hilo hupatanisha tu, haliamui.