Peroksisomu Inapoelemewa: Seli Huamuaje?

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi seli inavyokabiliana na dhiki inayozipata peroksisomu zake. Peroksisomu ni vifuko vidogo vyenye utando mmoja, ambavyo hupatikana kwa wingi katika seli za ini na figo. Johannes Rhodin aliviona kwa hadubini ya elektroni mwaka 1954. Jina lilitolewa na Mbelgiji Christian de Duve katika miaka ya 1960.

Kazi yake mojawapo ni kuvunjavunja asidi za mafuta zenye minyororo mirefu mno. Kazi hiyo huzalisha hidrojeni peroksaidi, kemikali ile ile inayotumiwa kusafishia vidonda. Kimeng'enya kiitwacho katalesi huigeuza ikawa maji na oksijeni. Sumu na kiuasumu, basi, hukaa chumba kimoja. Dhiki huanza uwiano huo unapovurugika.

Katalesi haiundwi ndani ya peroksisomu. Huundwa nje, kisha hubebwa na protini iitwayo PEX5, ambayo twaweza kuifananisha na hamali. Hamali huyu akishatua mzigo hutiwa alama ya protini ndogo, yubikwitini, nazo PEX1 na PEX6 humvuta kutoka kwenye utando ili arejee kazini. Peroksaidi inapozidi, PEX5 huingiza katalesi kidogo, na inayobaki nje huweza kuikinga seli nzima.

Dhiki ikikithiri, hatua kali zaidi huchukuliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba protini ya ATM (si ile mashine ya benki!), inayofahamika zaidi kwa kulinda DNA, huiongezea PEX5 fosfeti. PEX5 hutiwa yubikwitini, protini p62 huitambua alama hiyo, na peroksisomu nzima humezwa na kupelekwa katika lisosomu ikameng'enywe. Yaani alama moja, ikiwekwa mahali tofauti, humrejesha hamali kazini au huihukumu nyumba yote.

Hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Watoto wenye ugonjwa wa Zellweger uliokithiri aghalabu hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na jeni inayoathirika mara nyingi zaidi ni ya PEX1. PEX1 ikikosa nguvu, hamali mwenye alama hukwama utandoni. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa seli huweza kuisoma hali hiyo kama ishara ya uchakavu, ikaziteketeza peroksisomu. Swali likazuka: je, tukizuia uteketezaji huo, mgonjwa atanufaika? Katika seli za maabara, watafiti hao waliona dalili njema. Hata hivyo, utafiti mwingine wa mwaka 2021, uliotumia seli zenye kasoro ya PEX1 iliyo ya kawaida zaidi, haukuona dawa za kuzuia uteketezaji zikirejesha utendakazi wa peroksisomu. Kwa maoni yetu, matokeo hayo hayashangazi sana: kifuko kilichookolewa bila hamali wa kukiletea vimeng'enya kingali kitupu.