Asili ya Mawe Meusi na ya Kijani Yaliyo Shambani

Mkulima aonapo mahindi yake yamedumaa upande mmoja, na hatua mia kutoka hapo yamestawi, husema udongo umechoka. Huenda sababu iko chini zaidi, katika jiwe lililouzaa udongo huo.

Mawe meusi mazito tunayoyataja hapa yalikuwa zamani uji wa moto, ukapoa polepole ndani ya ardhi. Ndiyo maana punje zake ni kubwa. Uji ule ulipokuwa ukipoa, punje za olivini na kromiti zilitangulia kuganda zikatua chini. Kisha zikafuata piroksini na felspa. Mfano mkubwa uko Zimbabwe, katika mwamba uitwao Great Dyke, wenye urefu wa kilometa 550 hivi: matabaka ya chini yalikuwa na olivini nyingi, ya juu ni gabro. Kwa hiyo uji mmoja waweza kuzaa mashamba mawili yasiyofanana.

Baada ya kuganda, maji na joto huyageuza mawe hayo. Olivini huwa serpentini, jiwe laini lenye utelezi na madoa kama ngozi ya nyoka. Piroksini huwa hornblendi, ya kijani kilichokolea. Tanzania nako serpentini ipo, kama vile Haneti katika Mkoa wa Dodoma.

Basi utajuaje jiwe lilikuwa nini kabla ya kugeuka? Livunje, kwa maana uso wa nje umeoza nao hudanganya. Tazama umbo la punje: mara nyingi madini mapya hushika umbo la yale yaliyoondoka. Mabaka meupe ya felspa ni dalili ya gabro. Likikwaruzika kwa kisu, na unga wake ukavutwa na sumaku, yaelekea ni serpentini. Wataalamu hupima titani na zirkoni, ambazo maji hayazichukui kwa urahisi; potasi na kalisi huhama, kwa hiyo ushahidi wake si wa kutegemewa.

Gabro huzaa udongo wenye kalisi. Udongo wa serpentini una magnesi tele, kalisi haba, na nikeli iwezayo kudhuru mizizi. Huko usitie chokaa ya dolomiti, maana yaongeza magnesi. Jasi yafaa zaidi, pamoja na samadi. Lakini kabla ya kununua chochote, twaa mawe na udongo wa pande zote mbili za shamba, kila upande katika mfuko wake, umpelekee Bwana Shamba.