King'ora cha Logi Kiwekwe Wapi?

Wapenzi wasomaji na wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, wengi wenu mmezoea kusoma humu habari za ngeli na methali. Leo nivumilieni tuingie katika kompyuta (walimu hututaka tuseme tarakilishi, nasi twatii tukiwa mbele yao).

Hifadhidata ni ghala la taarifa ndani ya kompyuta: alama za mitihani, akaunti za sacco, bidhaa za duka. Programu iitwayo SQL Server, ya kampuni ya Microsoft, hutunza maghala ya aina hiyo. Kati yake mna moja la muda tu, liitwalo tempdb. Ni kama ile karatasi ya kujaribia hesabu kabla ya kuandika jibu. Programu ikipanga majina elfu kumi kwa alfabeti, yaweza kufanyia kazi yake humo, kisha ikafuta. Ikizimwa na kuwashwa, tempdb huundwa upya.

Sasa, kila hifadhidata ina faili la logi, yaani daftari la mabadiliko. Mtu atauliza: ghala la muda lina haja gani na daftari? Haja ipo. Kazi ikikatizwa njiani, daftari ndilo huonyesha jinsi ya kutangua yaliyokwisha kufanywa. Kazi ikikamilika, nafasi yake hutumiwa upya, kwani logi huzunguka: ikifika mwisho hurudi mwanzo palipoachwa wazi. Lakini pakiwa na kazi moja iliyoanzishwa na haijafungwa, logi haiwezi kupita hapo. Mamia ya kazi zilizomalizika baadaye hukwama nyuma yake, mithili ya magari nyuma ya matatu iliyoharibika darajani. Logi ikijaa kabisa, kosa nambari 9002 hutokea na shughuli zinazohitaji kuandika humo husimama. Mama aliyepanga foleni tangu asubuhi huambiwa ati mtambo umekwama, arudi kesho.

Ndiyo maana wataalamu huweka king'ora. Na hapa ndipo penye utamu. Mtu aweza kukiweka kwenye asilimia 70, akiona ni namba ya busara. Kumbe tempdb yenyewe, kwa desturi, hungoja logi ijae kama asilimia 70 ndipo ianze kuisafisha! King'ora kitalia kila usafi unapokaribia, ilhali hakuna baya lolote. Usiku wa kwanza mtunzaji ataamka. Usiku wa nne ataizima simu. Siku ambayo logi itazibwa kweli, nani ataamka?

Basi kiwekwe wapi? Tufanye hesabu ya kubuni. Logi ni ya megabaiti 1,000, na shughuli zinapopamba moto hujaa megabaiti 10 kwa dakika. Tukiweka asilimia 85, zimebaki 150, yaani dakika 15. Tuseme king'ora hungoja dakika 5 kuhakikisha hali haishuki yenyewe, na mtunzaji huhitaji dakika 20 kufika. Jumla 25. Tumechelewa! Tukishusha hadi 75, zimebaki dakika 25 kamili, bila akiba, tena tumekaribia mno pale pa usafi. Dawa si kuhamisha king'ora tu. Tuongeze faili liwe la megabaiti 2,000, na 85 ileile itatupa dakika 30.

Kuna mtego mwingine. Faili likiruhusiwa kujikuza, asilimia hushuka ghafla kila linapokua, nawe wafurahi bure huku diski ndiyo inayojaa. Kwa hivyo diski nayo iwe na king'ora chake.

Kikilia, usikimbilie kuzima na kuwasha. Ni kweli tempdb itaundwa upya, lakini utakuwa umewakatiza watu wote. Amri ya DBCC OPENTRAN, ikitolewa ndani ya tempdb, huonyesha kazi ya zamani zaidi ambayo haijafungwa. Mwenyewe aulizwe kama bado anaihitaji. Pengine amekwenda tu kunywa chai. Asipopatikana, hiyo kazi moja ikatwe, kisha logi itazamwe kama inashuka.