Mafuriko Hayajazi Fomu ya Kura

Kuna hoja tunayokutana nayo sana darasani: mtu akishapigwa na mafuriko au ukame, ataunga mkono sera za tabianchi. Inaingia akilini, ila ukiileta huku Kisongo inaanza kuyumba.

Mwaka 2025 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliohoji watu zaidi ya 70,000 katika nchi 68. Kwa sehemu kubwa, kuishi eneo lililokumbwa na hali mbaya ya hewa peke yake hakukuongeza uungaji mkono wa sera. Kilichohusiana nao zaidi ni imani ya mtu kwamba balaa lile limetokana na mabadiliko ya tabianchi. Yaani swali sio "umelowa?", ni "nani kakulowesha?"

Na hapa kwetu majibu ni mengi. Aprili 2024 mvua zilileta mafuriko Arusha, gari la wanafunzi likasombwa Muriet na watoto wakafa. Tarehe 27 Novemba mwaka huohuo tukapiga kura za serikali za mitaa. Niliowasikia wakibishana kijiweni walitaja Mungu, mitaro iliyoziba, na watu waliojenga mkondoni. Tabianchi hakuitaja mtu.

Sioni kwamba walikosea. Mmomonyoko wa udongo kwenye malisho ya magharibi ya Arusha, na udongo unaojaza mabwawa, watafiti waliuandika tangu 1972. Mvua kubwa ikikuta ardhi imechoka hivyo, korongo linapanuka. Kwa hiyo anayemdai diwani kalavati anadai sera ya kuhimili tabianchi, ila haiiti hivyo.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema wananchi "hawana uelewa". Tuangalie na gharama jamani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwenye nyumba bondeni, aliyelala juu ya meza usiku wa mafuriko, akiiunga mkono anaunga mkono kubomolewa kwake. Mkakati wa nishati safi nao unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie kupikia ifikapo 2034. Mama ntilie anapiga hesabu ya kujaza mtungi kwanza.

Mnaoenda fildi, kwenye dodoso msiishie kuuliza kama mtu alikumbwa na mafuriko. Muulizeni anadhani yalitokana na nini, anamdai nani, na yuko tayari kupoteza nini. Na neno "tabianchi" liacheni mwisho kabisa. Anzeni na mvua.