SOMO LA KAZI ZA MIKONO: Kutu Haifichwi kwa Rangi



Vijana wetu wengi wakimaliza ufundi hutamani kutoka makazini kwenda mjini, Jinja au Mbale, wafungue karakana ndogo katika mtaa kama Nkoma. Humo husafisha vyuma kwa upepo na mchanga, na kutengeneza upya magari yaliyochakaa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara, mradi afuate sheria za nchi. Lakini kabla familia haijachanga mtaji, na ijifunze mambo manne yatakayoupima mwaka wa kwanza.

1. Kazi yenyewe
Kutu hula chuma penye maji na hewa. Ukipaka rangi juu yake, itaendelea kula chini kwa chini, na baada ya muda rangi itavimba na kubanduka. Ndiyo maana lazima kwanza fundi afikie chuma kitupu. Kompresa husukuma hewa kwa nguvu, nayo hewa hubeba chembe ngumu zinazogonga kutu na rangi ya zamani mpaka vitoke. Chesisi, rimu na vyuma vinene hustahimili. Milango na boneti ni bati jembamba, hupinda. Hivyo visafishwe kwa msasa au brashi ya waya.

2. Afya
Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mchanga wa kawaida una silika. Ukigonga chuma hupasuka, ukawa vumbi laini linaloingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuponya, na humweka mtu katika hatari zaidi ya kupata kifua kikuu. Uingereza ilizuia mchanga katika kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Uturuki ilipiga marufuku kupuliza mchanga kwenye nguo za jinzi mwaka 2009, baada ya vijana wa viwandani kuugua na kufa. Kitambaa cha puani hakizuii vumbi hili. Tumieni chembe za chuma, ambazo hukusanywa na kutumika tena mara nyingi. Fundi avae kofia inayoletewa hewa safi, na watoto wakae mbali. Vifaa hivyo vikikosekana, ni heri kuanza na msasa wa maji.

3. Gharama
Kompresa ndogo ya kujaza matairi haitoshi. Mdomo wa bomba wenye tundu la milimita 5 hula zaidi ya mita moja ya ujazo ya hewa kila dakika. Mashine kubwa hudai dizeli au umeme mwingi. Kama yule mjenzi wa mnara, keti kwanza uhesabu: pango, leseni ya biashara, mafuta, rangi, na miezi isiyo na wateja. Andika kila kitu daftarini. Fedha za mteja zisichanganywe na za chakula cha nyumbani.

4. Mvua na uaminifu
Mbale iko chini ya Mlima Elgon, na mvua ni nyingi. Penye unyevu, chuma kilichosafishwa huanza kutu ndani ya saa chache. Kipakwe rangi ya msingi siku hiyohiyo. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini humo. Gari lililozama laweza kung'aa nje huku likiliwa ndani ya milango na chini ya sakafu. Kwa hiyo mwonyesheni mwenye gari chuma chake kabla ya kukifunika kwa rangi. Mgeni mjini hana ukoo wa kumdhamini. Kazi yake ndiyo mdhamini wake.

Maswali ya kujadili nyumbani
a) Tukikosa mashine kubwa, ni kazi gani tunayoweza kuianza kwa usalama?
b) Familia itakula nini miezi mitatu ya kwanza?
c) Mteja akitaka rangi tu juu ya kutu, tumjibu nini?