Piga Hodi Kwanza: Kijitabu cha Wanaotembelea Mapango ya Kwale

Nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi. Pango halina mlango wa kubisha, na ndiyo maana wengi huingia tu, tochi ya simu mkononi na kelele mdomoni. Kijitabu hiki ni cha vijana wa vikundi vya matembezi, walimu wanaoleta wanafunzi Shimoni, na wenyeji wa Diani, Msambweni na Lunga Lunga wanaotembeza wageni wao. Tunachoomba ni kimoja: kila pango mlione kuwa lina wenyewe, na muwapigie hodi.

JIWE LENYEWE

Mapango mengi ya ukanda huu yamo ndani ya mwamba wa matumbawe. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na matumbawe yakamea pale ambapo sasa pana mashamba, nyumba na hoteli. Bahari ilipoteremka, matumbawe yakabaki nchi kavu yakawa jiwe. Maji ya mvua, yakiwa na asidi kidogo yanayoipata hewani na udongoni, huliyeyusha jiwe hilo polepole mpaka likafanya vyumba na vichochoro.

Jiwe la namna hiyo hukata kama kioo kilichovunjika. Kandambili hazifai, vaeni viatu vilivyofunika mguu wote. Tena dari lake mahali pengine ni jembamba. Mkiona mizizi inaning'inia kutoka juu, jueni kuna tundu, na tundu hilo huko juu huenda limefunikwa na kichaka. Anayeacha njia kutafuta mkato anaweza kulikanyaga bila kuliona. Nendeni katika njia anayopita mwongozaji.

WANAOISHI NJE YA PANGO

Wadigo huliita pango *panga*, na kwa wengi wao panga si shimo tupu. Ni mzimu, mahali pa kuomba mvua, afya au uzazi. Ndani mnaweza kukuta vitambaa vyekundu na vyeupe, chupa za marashi, majivu ya ubani. Msiviguse, msivipige picha, msivisogeze ili mpate pa kukaa. Hata kama dini yako haikubaliani na mambo hayo, hukuja kuhubiri, umekuja ugenini.

Njia ya kuomba ruhusa haina ugumu. Fikeni kijijini kabla ya siku ya safari, au tumeni mtu. Muulizeni mzee wa mtaa ni nani anayesimamia pango. "Shikamoo mzee. Tumetoka Ukunda, tuko watu kumi, tunaomba kuliona panga lenu." Akiwaambia siku hiyo haifai, msibishane naye wala msimzunguke kwa kijana atakayewaingiza kwa pesa kidogo. Huenda kuna ibada.

Anayetaka kuona jinsi mwenyeji na mgeni wanavyoweza kuheshimiana aende Kaya Kinondo, karibu na Diani. Ni msitu, ila adabu yake inafaa pangoni pia. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, hupewa mwongozaji, huelezwa miiko, na hatoki na kitu, hata jani. Kaya hiyo ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Walioilinda kabla ya hapo, vizazi kwa vizazi, ni wazee wenye miiko yao.

SHIMONI

Mji umepewa jina la shimo lake. Wazee husimulia kwamba watu waliotekwa bara walifungiwa humo wakingoja majahazi ya kuwapeleka Unguja, na waongozaji huonyesha mabaki ya vyuma ukutani. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini biashara iliendelea kwa siri miaka mingi, na pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1907. Kwa hesabu ya vizazi hapo si mbali. Wapo wanaoishi leo ambao babu zao walizaliwa kabla ya mwaka huo.

Tumewahi kuona vijana wakijifunga mikono kwa mchezo mbele ya vyuma vile ili wapigwe picha, wakicheka. Imetuuma. Walimu, waelezeni wanafunzi habari hii darasani kabla ya safari, si mlangoni mwa pango. Wakishaingia, waacheni wakae kimya dakika chache. Pango linasimamiwa na wanakijiji, na ada ya kiingilio husaidia mahitaji ya kijiji. Lipeni na mwombe risiti.

WANAOISHI NDANI

Fikirini, kilomita chache kutoka Shimoni, kuna mapango yanayojulikana sana kwa popo wake. Watu huwachukia popo bure. Wadogo hula wadudu usiku kucha, wakiwemo mbu na wadudu wa mashambani. Wakubwa wanaokula matunda hueneza mbegu, na maua ya mbuyu, yanayofunguka usiku, huchavushwa nao. Popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Kundi likivurugwa, kichanga hudondoka sakafuni na mama hawezi kumwokota. Kwa hiyo msipige kelele, msiwashe moto, msimulike dari. Tochi ielekee miguuni. Popo wakianza kuruka ovyo, geukeni mtoke.

Upande wa afya lazima tuseme wazi. Virusi vya Marburg hubebwa na popo fulani wa matunda wanaolala mapangoni. Mwaka 1980 na tena 1987, watu waliokuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, waliugua wakafa. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa baada ya kuingia pango lenye popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Huko ni mbali na Kwale, lakini popo wa jamii hiyo wako pwani pia. Mavi ya popo nayo huotesha kuvu ambayo vumbi lake huingia mapafuni. Hatusemi msiende. Tunasema: vaeni barakoa, msikae palipo na vumbi la mavi, msiguse popo mzima wala mfu, msilie chakula pangoni, na mnawe mikono kwa sabuni mkitoka. Mkipata homa ndani ya wiki tatu, mwambieni daktari kwamba mliingia pangoni. Asipoambiwa, atafikiria malaria kwanza. Aliyeumwa au kuparurwa na popo aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akadungwe chanjo ya kichaa cha mbwa.

BAHARI NAYO INA SAA YAKE

Mapango ya ufukweni, yale yaliyochimbwa na mawimbi chini ya majabali, huvutia kwa kuwa yanafikika kwa miguu maji yakipwa. Hapo ndipo hatari ilipo. Maji yakishakupwa, huchukua kama saa sita kujaa, na saa ya kujaa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, hivyo ratiba ya Jumamosi iliyopita haiwafai leo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani yetu hupita mita 3. Urefu huo unatosha kujaza pango mpaka darini.

Muulizeni mvuvi kabla ya kushuka. Ingieni maji yangali yanapwa, mtoke kabla hayajageuka. Wakati wa kusi mawimbi hupiga kwa nguvu zaidi, msiingie kabisa. Na baada ya mvua kubwa za masika, subirini hata mapango ya bara yakauke.

MSICHIMBE

Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, watafiti wa Makavazi ya Kitaifa na wenzao wa nje walikuta mifupa ya mtoto wa miaka kama mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, kichwa kimewekwa kana kwamba juu ya mto. Habari yake ilitangazwa mwaka 2021. Ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu lijulikanalo Afrika. Mifupa ilikuwa imelainika kiasi kwamba walibeba bonge zima la udongo badala ya kuifukua palepale. Kiatu kimoja kingeisaga. Mkiona kigae, ushanga au mfupa, kiacheni kilipo, mpige picha na mwaarifu Makavazi. Sheria ya mwaka 2006 inataka hivyo. Na msiandike majina ukutani.

MKITOKA

Bebeni tochi mbili kila mtu, maji ya kutosha na kisanduku cha huduma ya kwanza. Simu haishiki mtandao ndani, kwa hiyo mwachieni mtu wa nje saa mtakayorudi, naye apige 999 au 112 saa ikipita. Hesabuni watu mkiingia, mhesabu tena nje. Kisha rudini kwa yule mzee aliyewapa ruhusa, mwambieni: tumetoka sote.