Mboga za kienyeji: Jinsi ya kuzipanda na kuzila ili zikufae

MAMA mmoja mjamzito, jirani yangu hapa Nairobi, alirudi kutoka kliniki akiwa na wasiwasi mwingi. Alikuwa ameambiwa kwamba damu yake ni kidogo, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Kilichomshangaza ni kwamba yeye hula mboga kila siku.

"Sukuma haikosi kwangu. Sasa damu inaenda wapi?" aliniuliza.

Nilipomtaka anieleze anavyozipika, nilianza kuona tatizo. Huzikata kwanza, kisha huziosha. Huzichemsha kwa muda mrefu na kumwaga maji. Halafu hula ugali wake akiuteremsha kwa kikombe cha chai nzito.

Upungufu wa damu si jambo la kupuuzwa. Mama mjamzito mwenye tatizo hili huchoka upesi, hukosa pumzi na kuhisi kizunguzungu. Akivuja damu nyingi wakati wa kujifungua, maisha yake huwa hatarini. Mtoto naye anaweza kuzaliwa kabla ya wakati wake au akiwa na uzani mdogo.

Mboga zilizodharauliwa

Sukuma wiki si mboga mbaya. Kosa letu wakazi wa mijini ni kuitegemea peke yake, na kuzisahau terere, managu, saga, kunde, mrenda na nderema. Kwa miaka mingi mboga hizi ziliitwa magugu au chakula cha maskini. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini hatukusikia.

Watafiti wa Kenya, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, wameonyesha kwamba mboga hizi zina virutubishi vingi. Zina madini ya chuma, kalsiamu na foleti, pamoja na kile ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kusaidia kupigana na magonjwa. Mnamo 2021, shirika la UNESCO liliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa.

Shambani pia zina faida. Kunde ni jamii ya maharagwe, na mizizi yake huongeza rutuba ya naitrojeni katika udongo. Terere nayo huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne tu, hivyo mkulima huvuna hata mvua ikiwa fupi.

Imekua wapi?

Kabla ya kununua, muulize mama mboga wako bidhaa yake imetoka wapi. Baadhi ya mboga zinazouzwa mijini hukuzwa kwa maji taka, kandokando ya mito michafu. Maji hayo huweza kubeba viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, pamoja na mayai ya minyoo.

Moto huua viini, lakini hauondoi madini yenye sumu kama vile risasi, ambayo mmea huweza kuyafyonza kutoka katika udongo mchafu. Kuosha huondoa vumbi lililo juu ya jani tu. Petroli yenye risasi ilikomeshwa nchini mwaka wa 2006, lakini risasi haiozi. Ile iliyoanguka kando ya barabara kuu huweza kukaa udongoni kwa miaka mingi.

Shamba katika gunia

Njia moja ya kuwa na hakika ni kupanda mwenyewe. Huhitaji ploti. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, familia nyingi za Kibera zilifundishwa kupanda mboga katika magunia. Wewe pia unaweza, hata kama una nafasi ndogo tu mlangoni. Fanya hivi:

1. Tafuta gunia kuukuu ambalo halikuwekwa kemikali. Changanya madebe mawili ya udongo safi na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche na huweza kuleta viini.

2. Chukua kopo kubwa lililotolewa vifuniko vya pande zote mbili. Lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze mawe madogo, kisha uzungushe udongo. Livute juu kidogo kidogo kadiri unavyojaza. Mwishowe utakuwa na nguzo ya mawe itakayofikisha maji hadi chini.

3. Toboa matundu ubavuni na upande miche ya managu au sukuma. Juu ya gunia nyunyiza mbegu za terere au saga, uzifunike kwa udongo kidogo tu.

4. Weka gunia mahali penye jua kwa saa tano au sita kila siku. Maji uliyosuuzia mchele yanafaa kunyunyizia.

5. Wadudu waokote kwa mkono. Ukilazimika kunyunyiza dawa, soma kibandiko na ungoje siku zilizotajwa kabla ya kuchuma.

Jikoni

Osha mboga kabla ya kuzikata, kwa maji safi yanayotiririka. Tumia maji kidogo, funika sufuria, na usizipike hadi zipoteze rangi. Vitamini C huharibiwa na moto, na nyingine huyeyuka katika maji unayoyamwaga. Ikiwa managu ni machungu, yachanganye na terere. Chuma majani tu, kwani matunda yake mabichi yana sumu.

Tia mafuta kidogo au njugu zilizosagwa, kwa sababu mwili hauwezi kutwaa vitamini A vizuri bila mafuta. Punguza magadi katika mrenda na kunde. Huharibu vitamini, na chumvi yake haiwafai wenye shinikizo la damu.

Muhimu zaidi, madini ya chuma ya mboga hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama na samaki. Limau, chungwa au nyanya mbichi huyasaidia kuingia. Chai na kahawa huyazuia. Ngoja angalau saa moja baada ya kula ndipo unywe chai.

Tahadhari

Mboga haziwezi kuchukua nafasi ya vidonge ulivyopewa kliniki. Mtu ambaye damu yake imepungua sana hawezi kungoja gunia likue. Hali kadhalika, wagonjwa wa figo na wale wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wazungumze na daktari kabla ya kuongeza mboga za majani.

Jirani yangu anameza vidonge vyake kila siku, na chai ameisogeza hadi saa kumi. Mlangoni pake pana magunia mawili. Siku aliyochuma terere ya kwanza alinitumia fungu moja kwa mkono wa mwanawe, na ujumbe kwamba nisimwage maji.